Kuchagua matumbo ya 2JZ: shajara ya gari la barabarani na la dragi

Januari, mwisho wa mwezi

Injini iko chini, hedi iko benchini, na pistoni sita za zamani zimepangwa kwa namba zao. Ni 2JZ-GE ya Toyota, ile ya awali isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka): silinda sita kwenye mstari, kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86, ujazo sentimita 2,997. Ilitolewa kwenye gari ikiwa inatembea vizuri, hailambi oili wala kutoa moshi. Imefunguliwa kwa sababu inafungwa turbo moja kubwa, na kiwandani haikuundwa kwa kazi hiyo. Kompresheni yake, yaani uwiano wa kubana mchanganyiko ndani ya silinda, ni 10:1. Ndugu yake 2JZ-GTE, aliyezaliwa na turbo mbili, alipewa 8.5:1 pamoja na vinyunyizio vya oili chini ya kila pistoni. Huyu wangu hana hata kimoja cha hivyo.

Lengo: farasi 600 kwenye magurudumu, gari la kilo 1,500 dereva akiwa ndani, liende kazini katikati ya wiki na lipige mita 402 za dragi, mbio za mstari mnyoofu, mwisho wa wiki. Kanuni ya zamani ya makadirio, ile ya kugawa uzito kwa farasi na kutafuta kipeo cha tatu, inatoa kama sekunde 10.3 matairi yakishika. Hilo la matairi kushika lina shajara yake, silifungui hapa.

Bloku ni chuma cha kusubu, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni chuma cha kufuliwa kinachokaa kwenye metali kubwa saba, yaani vile vipande laini ambamo shafti inazunguka kwenye oili. Kwa lengo hili hivyo viwili vinabaki vya kiwandani na sitapoteza usingizi juu yake. Kinachochaguliwa ni pistoni, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), bolti, ringi za pistoni na metali. Karibu kila niliyemshirikisha alitaja jina la kampuni kabla hajauliza gari litazungushwa hadi wapi na litakunywa mafuta gani. Mimi naanza na swali jingine: nini kitavunja nini?

Februari, wiki ya kwanza: hesabu kabla ya spea

Tukisema "farasi 600" huwa tunasema kana kwamba ni mzigo wa aina moja. Farasi 600 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika ni torki ya Nm 657 hivi. Farasi haohao wakitolewa kwenye mizunguko 4,500 ni karibu Nm 950. Namba inayosifiwa kwenye karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu, ni ileile, lakini konrodi ya injini ya pili inakandamizwa kwa karibu nusu zaidi kila silinda inapowaka. Turbo ndogo inayoamka mapema na kumwaga busti yote (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo) chini ya mizunguko 4,000 ni tamu sana mjini, na ndiyo inayopinda konrodi.

Halafu kuna upande wa kuvuta, ambao wengi wanausahau kwa sababu hauonekani kwenye geji ya busti. Pistoni ikifika juu kabisa mwishoni mwa mkupuo wa kutoa moshi, valvu ziko wazi na juu yake hakuna shinikizo la kuisukuma irudi. Inataka kuendelea kupaa. Kinachoirudisha ni konrodi, na kinachoishikilia konrodi kwenye krenki ni bolti mbili. Kwa mwendo wa milimita 86 na konrodi ya milimita 142 kutoka kitovu hadi kitovu, mchapuko pale juu kwenye mizunguko 7,000 ni takriban mara 3,070 ya mvuto wa dunia. Kwenye 8,000 unafika mara 4,000. Pistoni, pini na ringi zake ukizihesabu kuwa nusu kilo, hiyo ni tani moja na nusu dhidi ya tani mbili, zinazoning'inia kwenye bolti mbili nyembamba kuliko kidole. Mizunguko imeongezeka kwa asilimia 14 tu, mzigo umeongezeka kwa asilimia 30, kwa sababu unakwenda kwa mraba wa mizunguko.

Linganisha na upande wa kusukuma. Chukua shinikizo la kilele la bar 120 ndani ya silinda: hizo ni zaidi ya tani saba zikishuka juu ya pistoni. Ni mzigo mkubwa zaidi, lakini ni wa kukandamiza, na konrodi nzuri ya chuma inauvumilia mradi tu mlipuko uje kwa wakati wake. Ukija mapema, mambo yanabadilika kabisa.

Kwa hiyo mgawanyo wangu, kwa lugha ya gereji: mizunguko inakata bolti, torki ya chini inapinda konrodi, noki (mafuta yaliyobaki pembeni kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia) inapasua pistoni, na joto linamaliza kilichobaki. Busti yenyewe haimo kwenye orodha. Inaingia kupitia hizo nyingine.

Kikomo cha mizunguko nimekiweka 7,500. Kwa mwendo wa 86 hiyo ni kasi ya wastani ya pistoni ya mita 21.5 kwa sekunde, ambayo injini ya kuendea kazini inaweza kuishi nayo.

Wazo la krenki ya mwendo wa milimita 94, ile inayoleta lita 3.4, limekaa mezani kwa jioni moja tu. Ingeamsha turbo mapema, kweli, ila inaongeza torki pale pale chini ambapo sitaki, na kwenye kikomo hichohicho cha mizunguko inapandisha kasi ya pistoni hadi mita 23.5 kwa sekunde. Kwa gari lenye turbo kubwa na lengo la farasi 600, ni kulipia tatizo ambalo sina.

Februari, katikati: pistoni

Pistoni za kusubu za GE hazibaki. Zingeweza kuishi kwa busti ndogo na kompyuta iliyopangwa kwa adabu, lakini ukanda wa chuma kati ya ringi ya kwanza na ya pili ni mwembamba, na huo ndio unaoanza kumeguka noki ikitokea.

Kwenye pistoni za kufuliwa, uchaguzi halisi ni wa aloi: 4032 au 2618. Ya kwanza ina silikoni kiasi cha asilimia 12, kwa hiyo haitanuki sana, inafungwa kwa nafasi ndogo ukutani, haigongi asubuhi injini ikiwa ya baridi, na mifereji ya ringi inadumu. Ubaya wake ni kwamba ikipigwa sana inapasuka. Ya pili karibu haina silikoni kabisa. Inatanuka zaidi, inataka nafasi kubwa, inapiga kelele mpaka ipate joto, na inachakaa upesi kidogo. Lakini ikipigwa noki inabonyea kabla ya kuvunjika, na tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya kubadilisha pistoni moja na kununua bloku nyingine.

Hapa ndipo matumizi mawili ya gari yanapogombana waziwazi. Kwa gari la barabarani tupu la farasi 400 ningechukua 4032 bila kusita, na namshauri yeyote mwenye lengo hilo asikubali kuaibishwa na watu wa dragi. Kwa 600, na kwa gari litakalopandishwa busti uwanjani likiwa limeshapata joto kwenye foleni ya kuanzia, nachukua 2618. Kelele ya asubuhi nitaivumilia. Majirani sijawauliza.

Mambo madogo ya pistoni yaliyonichukua muda kuliko aloi yenyewe: mfereji wa ringi ya kwanza uwe umepakwa tabaka gumu la anodi ili ringi isijigandishe kwenye aluminiamu chini ya joto kali, pini iwe ya ukuta mnene, kwa sababu pini inayopinda inapasua pistoni kuanzia ndani na watu hulaumu mafuta, na sketi iwe na rangi ya kupunguza msuguano. Vitundu vya gesi vinavyotobolewa wima kutoka juu ya pistoni kwenda nyuma ya ringi nimevikataa. Uwanjani vinasaidia ringi kubana, lakini gari linaloendeshwa polepole kwenda dukani linavijaza masizi.

Vinyunyizio vya oili pia nimeviacha. Bloku ya GE inaweza kutobolewa ikafungwa, lakini mbio za sekunde kumi hazichemshi pistoni kama dakika kumi za kupanda mlima, na barabarani busti itafungwa kwenye bar 0.8. Gari la mzunguko mrefu wa uwanja ningelitoboa.

Bado Februari: kompresheni

Mjadala mrefu kuliko unavyostahili. Bloku itachongwa hadi 86.5, kwa hiyo kila silinda itakuwa na sentimita za ujazo 505. Kwa 8.5:1 nafasi inayobaki juu pistoni ikiwa imefika mwisho ni sentimita 67.4, kwa 9:1 ni 63.2, kwa 10:1 ni 56.2. Tofauti kati ya injini ya "turbo" na injini ya "kawaida" ni kama vijiko viwili vya chai na kidogo.

Njia ya mkato inayopendwa ni kubakiza pistoni za GE na kuweka gasketi nene ya hedi. Kushuka kutoka 10:1 hadi 9:1 kwa njia hiyo kunahitaji zaidi ya milimita moja ya unene wa ziada. Kwenye makaratasi kompresheni imeshuka. Ndani ya silinda umeharibu ule ukanda wa pembeni ambapo pistoni hukaribia hedi kiasi cha milimita moja na kuutupa mchanganyiko katikati kwa nguvu, karibu na plagi. Ukanda huo ukiwa na nafasi mara mbili, mchanganyiko unabaki pembeni ukipashwa joto taratibu, yaani unapunguza kompresheni ili kuzuia noki kisha unaikaribisha kwa mlango wa nyuma. Kompresheni ishushwe kwa umbo la pistoni, gasketi ibaki nyembamba.

Nimechagua 9:1. Hesabu ya kitabuni inasema kutoka 8.5 kwenda 9 ufanisi unapanda chini ya asilimia mbili, kitu ambacho sehemu moja ya kumi ya bar ya busti inakimeza. Sababu yangu ni barabara: injini ya 9:1 inajibu vizuri kabla turbo haijaamka, na gari hili litatumia muda mwingi wa maisha yake kabla turbo haijaamka. Sijapanda zaidi kwa sababu katikati ya wiki litakunywa petroli ya oktani 95. Uwanjani ni E85, mchanganyiko wa ethanoli nyingi na petroli kidogo, ambayo inanyonya joto jingi inapogeuka mvuke na inavumilia kompresheni kuliko petroli yoyote ya pampu. Mwenye uhakika wa E85 siku zote aende 10:1 na asitazame nyuma. Ajue tu kwamba injekta na pampu zitalazimika kupitisha kiasi cha theluthi moja zaidi, na oili itachafuka mapema kwa ethanoli inayopita kwenye ringi injini ikiwa ya baridi.

Machi, mwanzoni: konrodi na bolti

Konrodi za GE haziendi popote zaidi ya rafu. Mpya ni za chuma cha 4340 kilichofuliwa, umbo la H. Umbo la I lililotengenezwa vizuri lina faida kwa mizigo mikubwa ya kukandamiza, na kama lengo lingekuwa farasi 1,000 na busti ya mapema ningelifuata. Kwa 600 kwenye turbo inayoamka juu ya 4,000, ubishi wa H na I ni wa kupitisha jioni. Konrodi za aluminiamu ni nyepesi na zinameza mshtuko, lakini zinachoka, zinatanuka mara mbili ya chuma, na zinabadilishwa kwa kuhesabu mbio. Hazina kazi kwenye gari la kazini.

Pesa ya ziada nimeipeleka kwenye bolti. Konrodi nyingi za aina hii huja na bolti za ARP 2000, zenye nguvu ya kuvutwa ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 220,000. Kuna L19 ya psi 260,000, na kwenye karatasi inaonekana ni kupanda ngazi. Ila L19 haipendi unyevu hata kidogo. Kutu ndogo au jasho la mkono linaweza kuanzisha ufa, na gari linalolala nje na kunywa ethanoli lina unyevu wa kutosha. Inayofaa kwa kupanda ngazi ni Custom Age 625+, yenye nguvu ya namna hiyohiyo bila ubaya huo. Kwa kikomo cha 7,500 nimebaki na ARP 2000. Ingekuwa 8,500 ningenunua 625+ kabla ya kununua kitu kingine chochote kwenye orodha.

Machi, mwishoni: sanduku limefika

Kila kitu kinapimwa kabla hakijaguswa na oili. Pistoni sita zimetofautiana kwa chini ya gramu moja, vizuri. Konrodi nazo ziko sawa kwa uzito, upande mkubwa na upande mdogo. Injini ya sita kwa mstari inajisawazisha yenyewe kwa mpangilio wa krenki, kwa hiyo krenki haihitaji kufungiwa mizigo ya bandia inaposawazishwa kama ya V8. Inasawazishwa pamoja na flaiwili yake ya nyuma na dampa ya mbele.

Kisha konrodi zikakazwa bolti bila metali na kupimwa shimo kubwa, ambalo linatakiwa kuwa milimita 55 na sehemu ndogo mno juu yake. Tano zimekaa pamoja. Ya namba nne ni ndogo kuliko wenzake kwa milimita 0.012. Kwa jicho haionekani, na kwa kidole haisikiki. Lakini nafasi ya oili ninayoitaka pale ni 0.052, kwa ile kanuni ya sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha jarida (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya metali), na konrodi hiyo ingekaa kwenye 0.040 huku ndugu zake wakiwa kwenye 0.052. Kwa injini ya kawaida hiyo bado ni nafasi nzuri. Kwa injini itakayopiga 7,500 ikiwa na oili iliyolegea kwa ethanoli, ni metali ya kwanza kuungua. Nimeipeleka kwa fundi mkerezaji aihoni, yaani aisugue kwa jiwe hadi kipimo.

Mzee akaigeuza mara mbili, akaiweka kwenye geji yake mwenyewe, akasoma kilekile nilichosoma.

"Hii ilifungwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa anataka kwenda nyumbani," akasema. "Na pistoni ziko wapi?"

"Ziko gereji, Mzee. Nimekuletea karatasi ya vipimo vyake."

"Karatasi siichongei silinda. Niletee pistoni zote sita, kila moja na namba yake."

Bolti zimekazwa kwa kupima urefu, siyo kwa spana ya torki peke yake. Msuguano wa uzi na wa kilainishi unabadilika kutoka bolti hadi bolti, na spana inasoma msuguano huo kama ukazo. Geji ya urefu inasoma bolti imevutika kiasi gani, na hicho ndicho unachokitaka. Kila bolti imeandikwa urefu wake ikiwa huru, ikiwa imekazwa, na baada ya kulegezwa. Ikirudi ndefu kuliko ilivyoanza kwa milimita 0.025 au zaidi, inatupwa. Zote zimerudi kwenye urefu wake.

Aprili: bloku kwenye mashine

Silinda zimechongwa hadi karibu na 86.5, kisha zikahoniwa kwa mwisho bamba nene la chuma likiwa limefungwa juu ya bloku kwa stadi (bolti ndefu zisizo na kichwa) zilezile na torki ileile ya hedi. Nilikuwa najua sababu, ila kuiona ni kitu kingine. Bamba likiwa limelegezwa, geji ilizunguka ndani ya silinda ya pili bila kusogeza mshale. Lilipokazwa, mshale ukahama sehemu ya mia ya milimita karibu na mashimo ya stadi, sentimita chache kutoka juu, hasa pale ringi zinapofanya kazi ngumu zaidi. Silinda iliyohoniwa bila bamba ni ya duara benchini na yai ndani ya gari.

Nafasi ya pistoni ukutani ni 0.09, ikipimwa pale mtengenezaji anaposema pistoni ipimwe na siyo pale panapoonekana pananona. Kila silinda na pistoni yake.

Aprili, bado: ringi

Hapa ndipo injini nyingi za turbo zinapokufa zikiwa na spea nzuri kabisa ndani. Ringi ya 86.5 ina mzunguko wa milimita 272. Kwa kila nyuzi 100 ambazo ringi imezidi joto la ukuta wa silinda, inarefuka kwa takriban milimita 0.31. Mwanya kati ya ncha zake ukiisha, ncha zinasukumana, ringi haina pa kwenda isipokuwa kuukwaruza ukuta, na mwishowe inamega sehemu ya juu ya pistoni. Halafu pistoni inawekwa mezani na kila mtu anasema "mafuta yalikuwa hayatoshi".

Upande wa pili wa kosa ni mdogo mno. Mwanya ukizidi kwa milimita 0.05, injini inavuja kidogo sana ikiwa baridi, na hutajua bila kipimo. Ukipungua kwa 0.05, unaweza kununua injini. Kwa hiyo ringi ya kwanza 0.48, ya pili 0.53. Ya pili ina mwanya mkubwa kwa makusudi: gesi iliyopita ya kwanza ipate njia ya kutoka, isijikusanye katikati na kuinua ringi ya kwanza kutoka kwenye kitako chake.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha na siwezi kuipamba. Ringi inaingizwa kwenye silinda yake, inasukumwa chini sentimita mbili na nusu kwa kutumia pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, inapimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), inatolewa, inapigwa tupa ncha moja tu kutoka nje kwenda ndani, inasafishwa, inarudishwa. Geji inatakiwa ipite ikiwa na kizuizi kidogo, ile ya ukubwa unaofuata isipite kabisa. Baada ya tupa, ukingo unalainishwa kwa jiwe dogo, kwani kijiti kimoja cha chuma kinatosha kuchora mstari kutoka juu hadi chini kwenye ukuta ambao jana ulikuwa umelipiwa.

Mei: metali, pampu, dampa

Metali za tabaka tatu kwa konrodi na kwa krenki. Ni laini juu, zinameza uchafu kidogo, na zinabeba mizigo mikubwa kuliko za aluminiamu. Nafasi za krenki zimekuja kati ya 0.058 na 0.063, za konrodi 0.050 hadi 0.053, namba nne ikiwemo. Zote zimepimwa kwa geji ya saa na maikromita. Ule uzi wa plastiki wa kubonyeza ni sawa kwa kujiridhisha barabarani, sikuutumia.

Dampa ya mbele ya kiwandani haikufikiriwa hata mara moja. Mpira wake una umri wa injini, na kwenye 2JZ zenye mizunguko ya juu ile pete ya nje hujulikana kwa kuteleza au kubanduka. Krenki ndefu ya silinda sita inajinyonga na kujinyongoa kila silinda inapowaka, na dampa ndiyo inayotuliza mtikisiko huo. Isipofanya kazi, mtikisiko unaishia kwenye pampu ya oili, ambayo inaendeshwa moja kwa moja na pua ya krenki, na gia zake zinapasuka. Kwa hiyo dampa yenye cheti cha usalama cha SFI 18.1 na pampu mpya yenye gia za chuma cha kuchongwa ni spea moja kwa hesabu yangu. Kuweka moja bila nyingine ni kusubiri.

Mei, mwishoni: kuna hedi pia

Kwa kifupi. Valvu ya kuingiza ya 2JZ ina kipenyo cha milimita 33.5. Busti ya bar 1.6 nyuma yake inaisukuma ifunguke kwa nguvu ya kama kilo 14, muda wote, hata inapotakiwa kuwa imefunga. Springi ya zamani iliyokuwa inatosha kwa injini isiyo na turbo inapoteza hizo kilo 14 kabla haijaanza kazi. Springi mpya na ritena nyepesi (vifuniko vinavyoshikilia springi) zimeshaagizwa. Kemshafti za kiwandani zinabaki mpaka daino iseme vinginevyo. Stadi za hedi zimenunuliwa pamoja na zile zilizotumika kwenye bamba la kuhoni, seti moja, kwa sababu zilizoelezwa huko juu.

Juni: chini imefungwa

Krenki, konrodi na pistoni ziko ndani. Pistoni ikiwa juu kabisa iko chini ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo kiasi kwamba pamoja na gasketi nafasi ya kubana inatoka milimita 1.0 kasoro. Kompresheni iliyopimwa kwa kumimina kimiminika kwenye vyumba vya hedi na kuhesabu kila kitu ni 8.95:1. Sitafukuzana na hiyo 0.05.

Inayofuata ni kupandisha shinikizo la oili kwa kuzungusha injini bila plagi, kisha kuiwasha kwa oili ya kawaida ya madini ya kuzoesha ringi, bila busti, ila si kwa kuiacha ikijizungusha polepole kwenye kivuli. Ringi hukaa kwa mzigo: kupandisha na kushusha, gia ya tatu, kutoka 2,500 hadi 4,500 na kuachia. Baada ya hapo oili inamwagwa na kichujio kinakatwa wazi. Vumbi la kijivu la kuzoeana linakubalika, vipande vinavyong'aa kama shaba havikubaliki. Kichujio cha pili kikitoka safi ndipo waya wa busti utaunganishwa, 0.5 kwanza, kwa petroli.